Wati Nne Sebuleni Upanga: Kisa cha Spika za Bei Nafuu kwa Amplifaya Ndogo ya Valvu

Mwenye kisa hiki ni mzee mstaafu anayeishi Upanga, Dar es Salaam, katika mojawapo ya zile fleti za zamani zenye kuta nene na sakafu ya terazo. Ndugu yake aishiye Uingereza alimletea amplifaya ndogo ya stirio ambayo kila upande wake unatumia valvu (ile taa ya kioo ya kukuza sauti iliyotangulia transista) moja tu ya EL84 katika hatua ya mwisho. Karatasi yake ya maelezo inataja wati 4 kwa kila upande, na nyuma ina matundu ya spika za omu 4 na za omu 8, omu ikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme. Mzee alikuwa ametenga shilingi laki saba kwa ajili ya spika, na dukani Kariakoo alikuwa ameshaambiwa kwamba kwa fedha hiyo atapata spika nzuri "za wati mia tatu". Ushauri huo nusura umfanye airudishe amplifaya yenyewe, kwa kuwa hakuona ni vipi wati 4 zingeweza kuisukuma spika ya wati 300. "Fundi," aliniuliza, "wati nne si za redio ya jikoni hizi?"

Hofu yake ilitokana na kusoma namba sahihi mahali pasipo sahihi. Wati zinazoandikwa nyuma ya spika hazielezi kiasi ambacho spika inahitaji ili itoe sauti. Zinaeleza kiasi inachoweza kukivumilia kabla koili yake haijaungua au koni yake haijagonga mwisho wa mwendo wake. (Zile alama za PMPO, yaani wati za kilele cha kitambo kifupi mno, zilizojaa kwenye redio za bei ndogo hazielezi hata hilo.) Kwa mwenye amplifaya ndogo namba ya maana ni unyeti, yaani ukubwa wa sauti unaopimwa kwa desibeli, mita moja mbele ya spika, inapopewa wati moja. Spika ya desibeli 85 na spika ya desibeli 95 zinaweza kufanana kwa bei na hata kwa umbo, lakini ili ya kwanza iifikie ya pili kwa ukubwa wa sauti inahitaji umeme mara kumi zaidi. Kwa hiyo wati 4 kwenye spika ya desibeli 95 ni sawa na wati 40 kwenye spika ya desibeli 85, na mtu anayenunua spika yenye unyeti mkubwa anakuwa amenunua pia amplifaya kubwa zaidi bila kuongeza shilingi.

Inafaa kueleza kwa nini spika nyingi za majumbani leo hazina unyeti huo, kwa sababu mzee aliuliza, na jibu lilikuja kutusaidia katika uchaguzi wenyewe. Valvu ya EL84 ililetwa sokoni na Philips mwaka 1953, na mwaka huohuo kampuni ya Quad ya Uingereza ilianza kuuza amplifaya yake ya Quad II yenye wati 15, ambayo ilihesabiwa kuwa inatosha kabisa kwa nyumba ya mtu mwenye uwezo. Nchini Marekani Paul Klipsch alikuwa ameshatengeneza, tangu mwaka 1946, spika yake kubwa ya honi, yaani yenye mdomo unaopanuka kama wa tarumbeta, ya kukaa kwenye kona ya chumba, ambayo hutosheka na wati chache sana. Mwaka 1954 kampuni ya Acoustic Research, iliyoanzishwa na Edgar Villchur na Henry Kloss, ilitoa spika ya AR-1 iliyotumia hewa iliyofungiwa ndani ya kasha kama springi ya koni, na hivyo ikapata besi ya chini kutoka katika kasha dogo la kuwekwa rafuni. Gharama yake ilikuwa unyeti. Josef Hofmann, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa KLH pamoja na Kloss, aliiweka hali hiyo katika kanuni ambayo bado haijakwepeka: kasha dogo, besi ya chini na unyeti mkubwa haviwezi kupatikana vyote vitatu, sharti uachie kimoja. Transista zilipozifanya wati kuwa rahisi katika miaka ya 1960 na 1970, watengenezaji karibu wote waliachia unyeti, na hakuna aliyelalamika isipokuwa wachache waliobaki na valvu zao. Mzee wetu amejiunga na wachache hao, na kwa kuwa hakutaka kuachia unyeti na hakuwa na fedha za majaribio, kitu cha kuachia kwake kingekuwa udogo wa kasha au besi ya chini kabisa.

Kabla ya kutazama spika yoyote tulipima kwanza mahitaji yake. Watu wengi huruka hatua hii na kukimbilia kununua, ilhali haihitaji zaidi ya multimita ya kawaida na mlio wa majaribio unaoweza kutengenezwa kwa programu yoyote ya kuhariri sauti. Mzee alikuwa na amplifaya ya zamani ya transista na spika ndogo ambazo mtengenezaji wake anazitaja kuwa za omu 8 na desibeli 87. Nilimwomba acheze muziki anaoupenda na aongeze sauti mpaka kiwango ambacho yeye mwenyewe hangetaka kukipita. Kisha, bila kugusa kitufe cha sauti, tulichomoa waya za spika na kucheza mlio wa hezi 120 uliorekodiwa desibeli 12 chini ya kilele cha rekodi, nikapima volti kwenye matundu ya spika. Masafa ya hezi 120 yalichaguliwa kwa sababu multimita za bei ya chini husema kweli hapo na huanza kudanganya kwenye masafa ya juu. Hesabu yenyewe ni hii: mlio ulio desibeli 12 chini una robo ya volti za kilele, kwa hiyo unachokisoma kwenye multimita unakizidisha kwa nne.

Multimita ilisoma volti 1.9. Kilele cha muziki wake, basi, kilikuwa kinafika volti 7.6, ambazo kwenye omu 8 ni wati 7 na ushei. Amplifaya ya valvu ya wati 4 hutoa volti 5.7 hivi kwenye omu 8, kwa hiyo kwa spika zilezile ingepungukiwa na desibeli 2.6. Hilo lilimshangaza mzee kuliko jambo lolote jingine katika kazi hii, kwani alikuwa anaamini kwamba ile amplifaya yake ya transista, iliyoandikwa wati 80, huwa inazitumia zote. Kumbe spika ya desibeli 89.6 ingetosha bila akiba yoyote, na ukiongeza akiba ya desibeli 3 ili amplifaya isifanye kazi ukingoni muda wote, unapata desibeli 92.6. Tukaiandika namba hiyo kwenye karatasi, na kuanzia hapo kila spika iliyopendekezwa ilikabiliana nayo.

Sharti nitoe tahadhari hapa. Kipimo hicho cha volti bila spika kinafaa kwa amplifaya ya transista peke yake. Amplifaya ya valvu haitakiwi kuwashwa na kupewa muziki huku matundu yake ya spika yakiwa wazi, kwa sababu transfoma ya kutolea sauti, ikikosa mzigo, inaweza kuzalisha volti kubwa zinazotoboa insulesheni ya nyaya zake za ndani, na transfoma hiyo mara nyingi ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote katika chombo. Ndani yake pia mna volti 250 au zaidi, na kapasita hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Mtu asiye fundi asifungue kifuniko.

Kuna watakaosema kwamba mzee angeweza tu kusikiliza kwa sauti ya chini zaidi. Ushauri huo unafaa mahali penye baridi ambako madirisha hufungwa. Upanga, mwezi wa Februari, madirisha ya wavu yako wazi, pangaboi linazunguka, na barabara iko hapohapo chini; sehemu za muziki zilizo nyororo huzama kabisa katika kelele hiyo, na msikilizaji hulazimika kuupandisha muziki wote ili azisikie. Yule anayesikiliza katika chumba kimya anaweza kuridhika na spika ya desibeli 86 na wati 3, lakini hali ya hewa ya pwani hairuhusu.

Kipimo cha pili kilihusu amplifaya yenyewe. Amplifaya za transista kwa kawaida huishikilia volti yake vilevile hata mzigo ukibadilika, ila amplifaya ya valvu moja isiyo na mrejesho mkubwa wa hasi (njia ya kurudisha sehemu ya sauti nyuma ili amplifaya ijisahihishe) haiwezi. Tuliiwekea rezista ya omu 8 badala ya spika, tukarekebisha sauti mpaka multimita isome volti 1.00, kisha tukabadilisha rezista na kuweka ya omu 4, kwenye tundu lilelile, tukiwa tumeizima kwanza. Multimita ikasoma 0.79. Maana yake ni kwamba amplifaya ina ukinzani wa ndani wa omu 3 hivi, na ukinzani huo unafuatana na spika popote iendapo. Spika nayo haina omu 8 za kudumu. Impidansi yake, yaani ukinzani wake kwa mkondo geu, hupanda na kushuka kulingana na masafa, na si ajabu spika iliyoandikwa omu 8 kuwa na omu 4 mahali pamoja na omu 20 mahali pengine. Kwa amplifaya hii, tofauti hiyo huzaa mpando wa desibeli 3.6 pale penye omu 20 ukilinganisha na pale penye omu 4, jambo ambalo sikio la kawaida hulitambua mara moja. Kwa hiyo desibeli 92.6 zilikuwa sharti la kwanza, na sharti la pili likawa spika ambayo impidansi yake haiyumbi ovyo, au ikiyumba, iyumbe mahali ambapo mpando wa sauti una faida.

Spika mpya za rafuni zenye wufa (kipaza cha besi) ya inchi 5 ziliondoka mapema. Zinapendeza macho, na nyingine zina sauti safi mno, lakini zile zilizo ndani ya bajeti zilikuwa na unyeti wa desibeli 84 hadi 86. Mbili kati yake zilikuwa na mtego ambao mnunuzi anapaswa kuujua. Watengenezaji wengi siku hizi hupima unyeti kwa volti 2.83 badala ya wati moja. Volti 2.83 kwenye spika ya omu 8 ni wati moja kamili, lakini kwenye spika ya omu 4 ni wati mbili, kwa hiyo spika ya omu 4 inayotangazwa kuwa ya desibeli 88 kwa volti 2.83 ni ya desibeli 85 kwa wati moja. Kwa mwenye wati mia moja tofauti hiyo ni mzaha, ila kwa mwenye wati 4 ni nusu ya mali yake.

Spika kuukuu kutoka Ulaya, zile kubwa zenye wufa ya inchi 12 na vipaza vitatu, zilimvutia mzee kuliko zote, na sikumlaumu, kwa maana zina makasha ya mbao ambayo leo hayapatikani kwa bei hiyo. Tulikagua jozi moja. Ukingo wa koni ulikuwa wa sponji, na nilipoubonyeza kwa ncha ya kidole ulisagika ukabaki unga mweusi kidoleni. Joto na unyevu wa pwani humaliza sponji hizo upesi, hata kama spika haijawahi kuchezwa. Ukingo unaweza kubandikwa upya na fundi mzoefu, lakini krosova ya spika ile, yaani saketi inayogawa masafa kati ya vipaza, ilikuwa na kapasita zilizozeeka na impidansi iliyoshuka karibu na omu 3 katika masafa ya besi, yaani mahali ambapo amplifaya yetu ingenyong'onyea zaidi. Jozi yenye ukingo wa kitambaa au wa mpira, ya njia mbili tu, ningeifikiria kwa makini. Ile hapana.

Nilidumu zaidi kwenye spika za sherehe, zile nyeusi zenye vyuma kwenye pembe, wufa ya inchi 12 na honi juu, ambazo kila ukumbi wa harusi na kila kanisa changa linazo. Wapenzi wa sauti huzidharau, na kwa maoni yangu wanakosea. Nchini Tanzania hii ndiyo spika yenye unyeti mkubwa inayopatikana kwa bei ndogo kuliko zote, koni yake ni ya karatasi nyepesi, ukingo wake ni wa kitambaa kilichopakwa gundi, ambao unyevu hauuwezi, na vipuri vyake viko kila mtaa. Tuliazima jozi isiyo na jina la maana, iliyoandikwa desibeli 101. Tukaipa volti zilezile tulizozipa spika ndogo za mzee, tukicheza kelele ya majaribio yenye masafa yote, na kupima kwa simu mahali pamoja. Simu haiaminiki kutaja desibeli kamili, lakini kwa kulinganisha spika mbili inafaa, na ilionyesha tofauti ya desibeli 7. Kama spika ndogo kweli ni za 87, basi hizi ni za 94. Namba ya kwenye lebo ilikuwa imepambwa kwa desibeli 7 nzima, na hata hivyo zilivuka sharti letu.

Mzee alikaa kochini akasikiliza Mlimani Park Orchestra, rekodi za studio za Radio Tanzania, na uso wake ulibadilika. Gitaa za mdundo zilitoka mbele na tarumbeta zilikuwa na ukubwa ambao spika zake ndogo hazikuwahi kuutoa. Amplifaya ya wati 4 haikuonyesha dalili yoyote ya kuchoka. Dosari zilijitokeza baada ya nyimbo chache. Sauti za waimbaji zilikuwa kali mno, hasa herufi za s na sh, na alipoweka taarabu violini zilimkwaruza masikio. Vipimo vilieleza sababu. Impidansi ya spika ile ilipanda kupita omu 20 karibu na hezi 2,500, mahali ambapo wufa inakabidhi kazi kwa honi, na amplifaya yetu yenye ukinzani wa omu 3 ikawa inaongeza sauti hapohapo, katika masafa ambayo sikio la binadamu lina ukali mkubwa. Kwa amplifaya ya transista spika ileile ilitulia zaidi. Besi nayo ilikatika mapema, kwani makasha hayo yameundwa yatoe kelele nyingi ukumbini na si nyuzi za chini za gitaa la besi. Laiti bajeti ya mzee ingekuwa nusu, ningemshauri azichukue, kisha tumtafutie mtu wa kurekebisha krosova. Kwa kuwa alikuwa na laki saba, tulisonga mbele.

Spika za koni moja kwa masafa yote zilikuwa zimesalia. Hazina krosova, na kwa hiyo hazina ule mlima wa impidansi katikati ya sauti ya mtu. Fostex ya Japani hutengeneza mfululizo unaosifiwa na watu wa valvu, na FE206En yake ya inchi 8 ina unyeti wa desibeli 96, lakini sumaku yake ina nguvu kiasi kwamba katika kasha la kawaida besi hufifia. Hudai honi ndefu ya nyuma iliyokunjwa ndani ya kasha lenye ukubwa wa kabati. Seremala angekula bajeti yote kabla hatujanunua skrubu. Tuliamua kuchukua Visaton BG 20 ya Ujerumani, ambayo nayo ni ya inchi 8 na omu 8, na ambayo mtengenezaji anaitaja kwa desibeli 92 na uwezo wa kuvumilia wati 40. Ina koni ndogo ya pili katikati kwa ajili ya sauti za juu. Ni spika ya bei ya chini kwa viwango vya Ulaya, na kilichoamua shauri ni kwamba spika tupu, bila kasha, huingia kwenye sanduku la msafiri. Mpwa wa mzee alikuwa anarudi kutoka Ujerumani na alizibeba mbili katikati ya nguo. Gharama inayoua ununuzi wa spika kutoka nje ni kusafirisha mbao, ilhali mbao na mafundi wa mbao tunao.

Desibeli 92 ni pungufu kidogo ya 92.6 tulizoziandika. Akiba ya mzee ingekuwa desibeli 2.4 badala ya 3, na nilimweleza hivyo kabla hajatoa fedha.

Makasha yalitengenezwa Keko kwa plaiwudi ya milimita 18, yakiwa na nafasi ya ndani ya sentimeta 36 kwa 70 kwa 28, ambayo ni lita 70. Ni makubwa, na hapo ndipo mzee alipolipa deni la kanuni ya Hofmann: aliachia udogo ili abaki na unyeti na besi ya kuridhisha. Fundi seremala alitaka kutumia vumbi la mbao lililoshindiliwa, akisema ni rahisi kukata na halina mafundo. Nilikataa kwa sababu ya unyevu, kwani nimeona mbao za namna hiyo zikivimba miguuni katika nyumba za karibu na bahari kwa maji ya deki peke yake. Ndani tuliweka vipande viwili vya mbao vya kuunganisha ubavu na ubavu ili kasha lisitetemeke, na jumla ya kazi ya seremala, rangi ikiwemo, ilizidi bei ya spika zenyewe.

Nilichokifikiria zaidi ni namna ya kuliacha kasha lipumue. Kasha lililofungwa kabisa huacha mlima mrefu wa impidansi pale koni inapopatana na hewa ya ndani, na kasha lenye tundu la besi huacha milima miwili. Kwa amplifaya yetu mlima wa aina hiyo katika besi si hasara tupu, kwa kuwa huongeza nguvu mahali ambapo spika ya koni moja ina upungufu, lakini ukizidi, besi huwa nono na yenye kuchelewa. Dynaco ya Marekani, ambayo ilijulikana kwanza kwa amplifaya zake za valvu, iliuza spika ya A-25 iliyotengenezwa Denmark, na hiyo ilikuwa na upenyo uliozibwa kwa nyuzi, hewa ipite kwa tabu. Upenyo wa namna hiyo huufupisha mlima wa impidansi bila kuuondoa. Tuliiga wazo hilo. Nyuma ya kila kasha tulikata upenyo mwembamba, tukaweka wavu wa plastiki pande zote mbili, na katikati tukashindilia sufi, ileile inayojazwa kwenye mito. Sufi ikiwa chache, mlima ulibaki mrefu na gitaa la besi likavuma kwenye noti moja kuliko nyingine. Ikiwa nyingi, kasha likawa kama limefungwa. Tuliongeza na kupunguza konzi kwa konzi huku tukisikiliza, mpaka noti za besi zikasikika kwa ukubwa unaokaribiana.

Sauti za juu zilihitaji dawa. Ile koni ndogo ya katikati hupiga kelele kidogo katika masafa yanayofuata sauti ya mtu, na kupanda kwa impidansi ya koili huko juu hukutana na ukinzani wa amplifaya na kuongeza ukali. Tuliweka kwenye waya wa kila spika koili ya milihenri 0.4 ikiwa sambamba na rezista ya omu 5.6. Masafa ya chini hupita kwenye koili bila kizuizi, ya juu hulazimika kupita kwenye rezista na kupungua desibeli 2 hivi. Thamani hizo zilichaguliwa kwa sikio, na mwenye chumba chenye mazulia na mapazia mazito huenda akataka rezista ndogo zaidi. Sebule ya terazo haisamehe.

Tuliyaweka makasha sentimeta 25 kutoka ukuta wa nyuma. Wanaopenda kuzivuta spika katikati ya chumba hupata picha pana ya sauti, ila ukuta wa zege ulio karibu huirudishia besi nguvu ambayo uso mwembamba wa kasha huipoteza, na kwa wati 4 msaada huo wa bure haukataliwi. Tulijaribu pia kuiunganisha spika ya omu 8 kwenye tundu la omu 4. Hapo valvu huona mzigo mwepesi zaidi, upotoshaji hupungua na besi hukazika, lakini volti zinazopatikana hupungua. Mzee alipendelea tundu la omu 4 usiku na la omu 8 mchana, na nikamwachia maelezo ya kuhamisha waya amplifaya ikiwa imezimwa.

Kwa muziki anaousikiliza kila siku, mahitaji yake yamefikiwa. Taarabu ya zamani ndiyo iliyofaidika zaidi. Rekodi za Siti binti Saad, ambaye alianza kurekodi Bombay mwaka 1928, hazina besi ya chini sana wala sauti za juu sana, zina mtu na ala zilizomzunguka, na koni moja isiyogawanywa na krosova humweka mtu huyo mahali pamoja. Muziki wa dansi nao una uzito wa kutosha, ngoma ya chini inasikika mpaka karibu na hezi 50, na vilele vya sauti vinapoigonga dari ya amplifaya hulainika badala ya kukatika ghafla, kwa hiyo ule upungufu wa akiba hauonekani kwa urahisi. Mngurumo wa hezi 100 kutoka kwenye umeme wa amplifaya unasikika ukiweka sikio karibu na koni, na kochini haupo. Na kwa kuwa amplifaya za valvu moja hazina njia ya kuufuta mngurumo huo wenyewe kwa wenyewe, nisingependa kuiunganisha hii na spika ya desibeli 100, hata kama ingetolewa bure.

Singeli ya wajukuu haikupata mwenyewe. Inataka besi ya chini na sauti ya juu kwa muda mrefu bila kupumzika, na amplifaya ya wati 4 ikilazimishwa hivyo hupotosha sauti mfululizo, si kwenye vilele tu. Kwa ajili hiyo mzee amebaki na amplifaya yake ya transista na zile spika ndogo za desibeli 87, zimehamishiwa chumba cha vijana, na sehemu ya fedha iliyobaki kwenye laki saba ameitenga kwa jozi ya akiba ya EL84.